Je, Wajua? Mwenye Friji Ndiye Mwenye Rafu

Ingia duka lolote la mtaani, iwe Mbagala au Kisumu, utaikuta imesimama karibu na mlango: friji ndefu ya kioo, taa nyeupe ndani, jina la soda juu kwa herufi ambazo hata mtoto asiyejua kusoma anazitambua. Mwulize mwenye duka aliinunua shilingi ngapi. Mara nyingi atacheka. Hakuinunua, aliletewa. Kampuni ya soda imemwazima kwa sharti kwamba ndani zikae soda zake tu. Ndiyo maana siku gari la kampuni linapopita, mtindi wa jirani na maji ya chapa nyingine husukumwa nyuma kabisa, rafu ya chini, yakafunikwa na kreti.

Sasa, je, wajua kwamba sharti la namna hiyo liliwahi kufika mbele ya Tume ya Ulaya? Mwaka 2005, baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, ahadi ya Coca-Cola ilifanywa kuwa ya lazima kisheria: katika nchi za Umoja wa Ulaya, kama duka halikuwa na friji nyingine ya vinywaji ila ile iliyoazimwa bure, mwenye duka alikuwa na haki, hadi mwisho wa mwaka 2010, ya kutumia angalau asilimia 20 ya nafasi yake kuweka bidhaa za mtu mwingine. Moja ya tano ya friji. Mtindi wa jirani sasa ungeweza kukaa mbele.

Kabla ya hapo kulikuwa na vita ya aiskrimu nchini Ireland. Kampuni ya HB, mali ya Unilever, iliwagawia wenye maduka mafriza bure, mradi wasiweke aiskrimu ya mwingine. Mwaka 1989 Mars wakaleta yao. Maduka yakawa tayari kuiuza, wateja tayari kuila, lakini mahali pa kuiweka hapakuwapo: kwa hesabu ya Tume ya Ulaya, kama asilimia 40 ya maduka yaliyohusika yalikuwa na friza za HB peke yake, na kwenye kaduka kadogo friza ya pili haiingii hata ukiiomba. Tume ilitoa uamuzi dhidi ya sharti hilo mwaka 1998. Rufaa zikaendelea hadi 2006, na Unilever wakashindwa. Aiskrimu ingekuwa imeyeyuka mara elfu.

Mimi hapo ndipo ninapoanzia kila nikisoma habari za soko la dunia la friji za biashara. Taarifa hizo zimejaa majina ya viwanda na mabilioni ya dola, lakini swali la maana ni dogo: nani analipa? Mara nyingi si mwenye duka, bali mwenye kitu cha kuweka ndani.

Barafu ya bure

Mchezo huu ni wa zamani kuliko friji yenyewe. Frederic Tudor wa Boston alianza mwaka 1806 kupakia melini barafu iliyokatwa kwenye mabwawa ya Massachusetts na kuipeleka kisiwa cha Martinique. Watu wa mjini kwake walimcheka. Alipata hasara, akaingia madeni, akafungwa kwa sababu ya madeni hayo, akatoka, akaendelea. Tatizo lake kubwa halikuwa barafu kuyeyuka. Watu wa nchi za joto hawakuwa na haja nayo, kwa kuwa hawakuwahi kunywa kitu cha baridi. Basi Tudor akawapa wauza vinywaji barafu bure, kwa makubaliano kwamba vinywaji vya baridi viuzwe bei ileile ya vya kawaida. Aliyekunywa cha baridi wiki nzima hakurudi tena kwenye cha vuguvugu, na mwenye baa akawa hana budi kununua barafu.

Mei 1833 meli Tuscany iliondoka Boston ikiwa na tani kama 180 za barafu yake zilizofunikwa kwa vumbi la mbao. Ilifika Calcutta Septemba, ikiwa imevuka ikweta mara mbili, na bado ilikuwa na tani karibu 100. Mwezi huohuo, Septemba 1833, Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alitia saini huko Muscat mkataba wa biashara na Marekani, na baada yake kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kikajaa Unguja hadi kikapewa jina tunalolijua: merikani. Pwani ileile ya Marekani, bahari ileile ya Hindi. Calcutta ikapata barafu, sisi tukapata merikani. Nadhani kwa jua la Unguja tulipunjwa.

Huko Madras, leo Chennai, ghala la barafu la Tudor bado limesimama ufukweni, ingawa sasa ni jumba la kumbukumbu ya Swami Vivekananda.

Na ukienda Kariakoo kuulizia kiyoyozi, ukaambiwa "hii BTU elfu kumi na mbili, tani moja", ujue muuzaji anazungumza lugha ya Tudor bila kujua. Tani moja ya ubaridi ni joto linalohitajika kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, kwa saa 24. Gawanya na utapata BTU 12,000 kwa saa. Biashara ya barafu ya mabwawani ilikufa, kipimo chake kikabaki.

Hata neno lenyewe lilitutangulia. Barafu imetokana na Kiajemi *barf*, theluji, na theluji imetokana na Kiarabu *thalj*. Maneno mawili ya kitu ambacho Mswahili wa pwani hakuwa amekigusa. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipouona Mlima Kilimanjaro na kumwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi.

Mwandishi wa habari na nahodha

Mashine ya kutengeneza barafu ilipokuja, haikuwa na mnunuzi. Daktari John Gorrie wa Apalachicola, Florida, aliitaka kwa ajili ya vyumba vya wagonjwa wa homa. Alipata hataza mwaka 1851, akakosa wa kumkopesha mtaji, akafa mwaka 1855.

Upande wa pili wa dunia alikuwepo mwenzetu wa kalamu. James Harrison alikuwa mhariri wa gazeti huko Geelong, Australia. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akisafisha herufi za chuma za kupigia chapa kwa etha, aliona jinsi etha ilivyozipoza ilipokuwa ikikauka. Ndiyo kanuni yote ya friji: kimiminika kinapogeuka mvuke hubeba joto la kilicho karibu. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Weka kiganja nyuma ya friji ya dukani utalikuta joto la soda zako. Miaka ya 1850 Harrison alikuwa anauza barafu ya mashine. Mwaka 1873 akajaribu kupeleka nyama London kwa meli Norfolk. Iliharibika njiani, naye akafilisika. Wahariri na fedha, mambo yaleyale.

Walionunua mashine kwa wingi kwanza ni watengeneza bia. Bia ya Kijerumani ya lager huchachuka kwenye ubaridi, na msimu wa baridi usipoleta barafu ya kutosha, kiwanda kinasimama. Carl von Linde alijaribu mashine yake kwenye kiwanda cha Spaten mjini Munich miaka ya 1870, na mwaka 1879 akafungua kampuni. Hospitali ilishindwa kumlipa Gorrie. Bia ilimlipa Linde.

Kisha ikaja Dunedin, na hii hadithi sichoki kuisimulia. Ilikuwa meli ya matanga iliyofungwa mashine ya kupoza hewa inayoendeshwa kwa makaa. Iling'oa nanga Port Chalmers, New Zealand, tarehe 15 Februari 1882 ikiwa na mizoga karibu 5,000, mingi ya kondoo. Cheche za bomba la moshi zilikuwa zikiunguza matanga. Walipofika ukanda wa joto, nahodha John Whitson aligundua hewa baridi haizunguki sawasawa, akaingia mwenyewe kwa kutambaa ndani ya njia ya hewa ili atoboe matundu zaidi. Baridi ikamzidi akazimia humo. Msaidizi wake alitambaa nyuma yake, akamfunga kamba miguuni, wakamvuta nje. Fikiria: mtu karibu afe kwa baridi karibu na ikweta. Baada ya siku 98 walifika London, na katika shehena yote ulikataliwa mzoga mmoja tu. Uchumi wa New Zealand ukabadilika tangu siku hiyo, kwa kuwa kondoo aliyekuwa akifugwa kwa ajili ya sufu sasa alikuwa na nyama ya kuuza upande wa pili wa dunia. Dunedin yenyewe ilipotea baharini mwaka 1890 na haikuonekana tena.

Mboga zilizokosa pa kukaa

Clarence Birdseye aliishi Labrador, Canada, akaona jinsi Wainuit wanavyovua samaki akaganda papo hapo kwa upepo wa baridi kali, na miezi baadaye akipikwa ana ladha ya samaki mbichi. Siri ni kasi: kitu kikigandishwa polepole, chembe za barafu huwa kubwa na kupasua nyama ndani. Mwaka 1929 aliuza biashara yake kwa dola milioni 22, na mwaka uliofuata vyakula vilivyogandishwa vikaanza kuuzwa Springfield, Massachusetts. Havikuenea haraka. Wenye maduka hawakuwa na friza, na friza ilikuwa ghali kuliko mboga zote zilizomo. Mambo yalinyooka kampuni ilipoanza kuwakodisha mafriza ya bei nafuu katikati ya miaka ya 1930. Tudor mwingine.

Kuna jambo dogo la mayai ambalo huwashangaza wanaosafiri. New York mayai huuzwa kwenye friji, Paris hukaa rafuni kama sisi tunavyoyapanga kwenye trei nje ya duka. Marekani mayai lazima yaoshwe kiwandani, na kuosha huondoa utando wa asili unaoziba vitundu vya ganda; baada ya hapo hayana ulinzi ila baridi. Ulaya hawayaoshi. Kanuni moja ya usafi, na nchi nzima inahitaji mita za ziada za friji katika kila duka.

Gesi

Friji za mwanzo ziliua watu. Gesi zilizokuwemo zilikuwa sumu, na zikivuja usiku, familia haikuamka. Habari ya vifo vya namna hiyo mjini Berlin ndiyo iliyomfanya Albert Einstein, pamoja na mwanafizikia mwenzake Leo Szilard, abuni friji isiyo na sehemu zinazozunguka. Hataza yao ya Marekani ni ya mwaka 1930. Ndiyo, Einstein yuleyule. Friji yake haikufika sokoni, kwa sababu Thomas Midgley alikuwa ameshapata gesi isiyoua wala kuwaka. Mwaka 1930 aliivuta mapafuni mbele ya wanakemia wenzake, akaipuliza kwenye mshumaa, ukazimika. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kugundulika kwamba gesi hiyo hula tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa.

Gesi zilizoshika nafasi yake haziguswi na lawama ya ozoni, ila zina balaa lingine. Kilo moja ya R-404A, iliyotumika sana kwenye friza za supamaketi, ikivuja hupasha dunia joto sawa na karibu tani nne za hewa ukaa. Fundi anayefungua bomba na kuachia gesi ipige hewani kabla ya kuchomelea, huo ndio mzigo anaoupeperusha kwa sekunde chache. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kuzipunguza gesi hizo pia. Kwa hiyo leo fundi wa Brazil na mhandisi wa Denmark wote wanalitaja jina la mji wa Rwanda wakizungumzia kompresa.

Zinazorudi sasa ni gesi za kale. Soma kibandiko cha friji mpya ya dukani. Ukiona R-290, hiyo ni propani, ndugu wa gesi unayopikia. Usiogope: kwa miaka mingi kikomo kilikuwa gramu 150, na mwaka 2019 viwango vya kimataifa vilikipandisha hadi gramu 500. Mtungi mdogo wa jikoni una kilo sita. Nyingine ni hewa ukaa yenyewe, ile iliyomo ndani ya soda. Ulaya supamaketi nyingi zinaitumia. Kwetu ina ubishi wake, kwa sababu ikipita nyuzi 31 za Selsiasi haikubali tena kugeuka kimiminika hata uikandamize vipi, na mchana wa Februari mjini Dar es Salaam hewa ya nje huwa imeshapita hapo. Mashine lazima iwe ya aina nyingine, na bei pia.

Mji mmoja wa Uchina

Kama ungetaka kuona soko hili kwa macho, nenda Qingdao. Wajerumani walipokuwa wameushika mji huo, kilijengwa humo kiwanda cha bia mwaka 1903, Tsingtao, na bia, tumeshaona, haiendi bila baridi. Leo ni nyumbani kwa Haier. Mkuu wake wa wakati ule, Zhang Ruimin, mwaka 1985 aliamuru friji 76 zenye kasoro zivunjwe kwa nyundo mbele ya wafanyakazi waliozitengeneza, wakati friji moja ilikuwa na thamani ya mishahara ya miaka. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilinunua kitengo cha friji za biashara cha Carrier, wanaofunga mashine za supamaketi za Ulaya.

Huko huko Qingdao kampuni ya meli ya Maersk ina kiwanda cha makontena ya friji, yale meupe yanayobeba parachichi za Kenya kutoka Mombasa na kurudi yamebeba kitu kingine. Walipotaka kukiuza kwa kampuni ya Kichina CIMC kwa karibu dola bilioni 1, Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza, na Agosti 2022 mauzo yakaachwa. Hoja ilikuwa kwamba zaidi ya asilimia 90 ya utengenezaji wa makontena hayo duniani ingeangukia mikononi mwa kampuni zilizo chini ya dola ya Uchina. Yaani kile Mars walicholalamikia Ireland, sasa kwa ukubwa wa bahari.

Mji huohuo una Aucma, watengeneza mafriza, walioshiriki kuunda chombo kiitwacho Arktek. Kwa sura ni kama mtungi mkubwa wa maziwa, hakitumii umeme, na kikipakiwa vizuri hukaa siku tano na zaidi kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Ebola ilipoishika Beni na Butembo mwaka 2018, chanjo ilitaka baridi ya kiasi hicho mahali ambapo hata barabara ilikuwa ya kubahatisha. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa mashariki mwa Kongo katika mlipuko ule.

Nyuzi 60 chini ya sifuri, kumbe, ndiyo baridi anayowekwa jodari wa kuliwa mbichi Japani. Akiwekwa kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sifuri haozi, lakini nyama yake nyekundu inageuka kahawia na mnunuzi wa Tokyo anaipita. Sisi tungemtia ndimu na pilipili tukamweka juu ya mkaa.

Kreti kwa siku

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilisema kukosekana kwa baridi ya kutosha kuliharibu tani milioni 526 za chakula mwaka 2017, asilimia 12 ya chakula chote cha dunia. Kwa nini mkulima wa nyanya hanunui friji? Kwa sababu nyanya hazina kampuni ya kumwazima.

Jibu moja lilitoka Nigeria kwa Nnaemeka Ikegwuonu, ambaye kabla ya baridi alikuwa kwenye redio akitangazia wakulima. Mwandishi mwingine, ona. Kampuni yake, ColdHubs, hujenga sokoni vyumba vya baridi vya umeme wa jua, na mchuuzi hanunui chochote: analeta kreti, analipia kreti kwa siku, kesho anaichukua. Kwetu mfumo huo upo kwa namna nyingine. Mama mwenye friza ya nyumbani Temeke anauza barafu za ukwaju kwa watoto, rafu ya chini anamwekea muuza samaki kwa malipo ya jioni, na juu kuna chupa za maji za vijana wa bodaboda. Hakuna ripoti ya soko inayoihesabu friza ile kuwa ya biashara.

Jambo la mwisho, la kukuokolea fedha. Umeme ukikatika na kurudi hapohapo, usiiwashe friji mara moja. Upande mmoja wa kompresa bado una shinikizo kubwa na mwingine dogo, na mota ndogo haiwezi kuanza ikiwa inasukumana nalo. Inakwama, inapata joto, na ule mlio wa "tak" unaousikia ni kinga ikikata umeme kabla nyaya hazijaungua. Iachie dakika tatu shinikizo lilingane. Muuza duka wa mtaani kwetu hana saa. Anachomoa waya, anahudumia wateja wawili wa vocha na mmoja wa unga, kisha anachomeka.